Barabara ya Kulipia: Mtumiaji Ananunua Nini?

Utangulizi

Mkazi wa Kata ya Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga Chalinze. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bati analoezekea nyumba, dawa anazonunua na mafuta anayokaangia imeshuka bandarini Dar es Salaam, ikapita Kibaha, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi kabla ya kumfikia. Mwanawe anayekwenda chuoni Dar es Salaam hupanda basi linalofuata njia hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, gharama ya barabara iliyo mbali naye humfikia hadi dukani na nyumbani.

Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiandaa mradi wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, sehemu ya kwanza, ya Kibaha hadi Chalinze, ikiwa na urefu wa karibu kilomita 79. Mradi huo umeandaliwa kwa utaratibu wa ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi: mwekezaji asanifu, agharimie, ajenge na kuendesha, arudishe fedha zake kwa ada ya wapitaji, kisha aikabidhi barabara kwa Serikali muda wa mkataba utakapokwisha.

Wapo wanaosikia habari hii na kusema kwamba barabara inauzwa. Wapo wanaosema kwamba barabara itajengwa bure. Kauli zote mbili zina kasoro. Somo hili limeandaliwa ili, baada ya kulisoma, mtumiaji aweze:

(a) kueleza ni nani anayelipia barabara anazozitumia sasa;
(b) kutofautisha ubia na mkataba wa kawaida wa ukandarasi, na pia na mauzo;
(c) kuuliza maswali matano ya msingi kuhusu barabara yoyote ya kulipia;
(d) kupiga hesabu ya ada ya barabara ndani ya nauli na ndani ya bei ya bidhaa, na
(e) kujua pa kupeleka malalamiko.

1. Njia ya kale na malipo yake

Kulipia njia si jambo geni Unyanyembe. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo msafara ulitembea takriban miezi mitatu kuifikia Tabora, na kutoka hapo njia moja ilielekea Ujiji na nyingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilibebwa kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na katika njia hizohizo watu walipelekwa pwani kuuzwa utumwani.

Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi mwingine ulitakiwa kutoa hongo. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa jina la malipo ya wazi ya kupita. Malipo yalitolewa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Mtemi alikuwa na hoja yake: wageni kwa mamia walikunywa visima vya watu wake na kula chakula chao, hasa Ugogo, ambako maji ni haba. Lakini wasafiri nao walikuwa na lalamiko la kweli. Kiwango hakikujulikana kabla. Msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukijadiliana, na aliyeonekana kuwa na mali nyingi alitozwa zaidi. Aliyeona ameonewa hakuwa na mahali pa kwenda.

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya Tabora hadi Ujiji katika ugomvi wake na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara akielekea Ujiji, alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Msafara wenye watu na vitambaa vya kutosha uliweza kutafuta njia nyingine. Mfanyabiashara mdogo alibaki akisubiri.

Historia hiyo inatupatia vipimo vitatu ambavyo tutavitumia hadi mwisho wa somo. Malipo ya njia huwa ya haki pale ambapo kiwango kinajulikana mapema, huduma inayonunuliwa inajulikana, na pana njia nyingine pamoja na mahali pa kulalamika. Yakikosekana hayo, malipo hubaki na sura ya hongo, hata yakikusanywa kwa kadi na kutolewa risiti ya mashine.

2. Nani analipia barabara leo?

Hakuna barabara ya bure. Kinachotofautiana ni mlipaji, wakati wa kulipa na namna ya kulipa. Katika nchi yetu fedha za barabara hutoka katika mifuko mikuu mitatu.

Wa kwanza ni tozo ya mafuta. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara, ambao umekuwapo tangu mwaka 1998 kwa ajili, hasa, ya matengenezo. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mwendesha bodaboda wa Ipuli anayejaza lita mbili amekwishachangia barabara kabla hajabeba abiria wa kwanza. Abiria wake naye amechangia ndani ya nauli.

Wa pili ni kodi za jumla zinazopitia bajeti ya Serikali. Mfano ni upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, uliofanywa kwa fedha za Serikali. Anayepita hapo halipi ada, lakini mlipakodi wa Ipuli ameilipia pamoja na wa Kimara.

Wa tatu ni mikopo ya nchi na mashirika ya nje. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilichokamilisha lami kati ya Tabora na Manyoni, kilijengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait, na Rais Samia Suluhu Hassan alikifungua Mei 2022. Aliyewahi kusafiri njia hiyo wakati wa masika, basi likiwa limekwama katika tope, anajua thamani yake. Mkopo huo hulipwa na wananchi wote kwa kodi za miaka ijayo.

Mifuko hii mitatu ina mipaka. Tozo ya mafuta hutumika zaidi kutunza kilichopo. Bajeti ina madai mengine ya hospitali, maji na shule. Mikopo ina kikomo, kwa kuwa deni hulipwa na kizazi kilichopo na kijacho. Hapo ndipo hoja ya ubia inapoingia: barabara yenye magari mengi, ambayo wapitaji wake wako tayari kulipa ili waokoe muda, ijengwe kwa mtaji wa mwekezaji, ili fedha za umma zielekezwe kwenye barabara ambazo hakuna mwekezaji atakayezitamani. Barabara nyingi za Mkoa wa Tabora ziko katika kundi hili la pili. Kwa mkazi wa Ipuli, faida ya ubia wa Kibaha na Chalinze inapaswa kupimwa pia kwa swali hili: je, fedha ya umma iliyookolewa kule imeonekana katika barabara za huku?

3. Ubia ni nini?

Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilitungwa mwaka 2010 na imerekebishwa mara kadhaa baadaye. Ili kuielewa bila lugha ya wanasheria, tuchukue mfano unaofahamika mitaani.

Familia ina kiwanja kando ya barabara kuu, lakini haina fedha. Anakuja mtu mwenye mtaji na kusema: nitajenga fremu sita za maduka, nitakusanya kodi ya wapangaji kwa miaka 10, kisha nitawakabidhi fremu ziwe mali yenu. Kiwanja hakijauzwa. Mjenzi hajalipwa na familia. Lakini familia imetoa kitu chenye thamani kubwa, nacho ni mapato ya miaka 10. Kwa hiyo familia yenye busara huandika mapema: kuta ziwe za namna gani, nani ataziba paa likivuja mwaka wa saba, kodi isipandishwe kupita kiasi gani, na fremu zikabidhiwe zikiwa katika hali gani. Familia isiyoandika hayo hukabidhiwa magofu mwaka wa 11.

Barabara ya ubia ni hivyohivyo. Ardhi na barabara hubaki mali ya umma. Katika ukandarasi wa kawaida, Serikali humlipa mkandarasi, naye baada ya muda wa uangalizi wa kasoro huondoka. Katika ubia, mwekezaji hubaki na barabara kwa miaka mingi, akiiendesha na kuitunza.

Zipo pia sura nyingine za ushirikiano. Nchini Uganda, barabara ya haraka ya Kampala hadi Entebbe ilijengwa kwa mkopo wa China na fedha za Serikali, ikafunguliwa mwaka 2018. Kuanzia Januari 2022 wapitaji wakaanza kulipa, na kampuni ya Egis ikapewa kazi ya kuendesha na kukusanya ada. Hapo kampuni haikuleta mtaji wa ujenzi. Kwetu, Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa Aprili 2016, liligharimiwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa asilimia 60 na Serikali kwa asilimia 40. Kwa kuwa NSSF ni taasisi ya umma, daraja hilo si ubia kamili na sekta binafsi, lakini limewafundisha wakazi wa Dar es Salaam maana ya kulipa kila unapovuka.

4. Kwa nini ubora unaweza kuongezeka?

Hoja kubwa ya ubia kwa upande wa ubora ni rahisi: atakayeitunza barabara kwa miaka 25 ana sababu ya kuijenga vizuri tangu mwanzo. Akipunguza kifusi au kuacha mitaro myembamba, hasara itarudi kwake mwenyewe kwa mashimo ya kuziba. Mkandarasi anayeondoka mapema hana uchungu huo, na hubanwa tu na ukali wa mhandisi msimamizi.

Sababu ya pili ni mizigo. Adui mkubwa wa lami, baada ya maji, ni uzito wa ekseli. Jaribio kubwa lililofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 lilionesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa lugha nyepesi, ekseli iliyozidisha uzito kwa asilimia 10 huharibu barabara karibu mara moja na nusu ya kawaida. Iliyozidisha kwa asilimia 20 huharibu mara mbili. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya pamoja ya udhibiti wa uzito wa magari, inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na ndiyo maana malori hupimwa katika mizani kama ile ya Vigwaza, mkoani Pwani. Mwekezaji anayejua kwamba kila lori lililozidisha linakula mtaji wake ana sababu ya kutaka mizani ifanye kazi usiku na mchana.

Lakini sababu hizi hufanya kazi kwa sharti moja: vigezo vya ubora viandikwe na vipimwe. Mkataba useme shimo lizibwe ndani ya muda gani baada ya kuonekana, alama na taa ziwe katika hali gani, gari lililoharibika liondolewe kwa muda gani, na mwekezaji akatwe kiasi gani asipotimiza. Bila hayo, mwekezaji naye anaweza kukusanya ada kwa bidii na kutunza barabara kwa uvivu.

5. Ubia unapokwama: funzo kutoka relini

Wakazi wa Tabora hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa ubia uliovunjika. Mwaka 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati ulikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania, ambayo asilimia 51 ya hisa zake zilikuwa za RITES ya India na asilimia 49 za Serikali, kwa mkataba wa miaka 25. Kufikia mwaka 2011 ubia huo ulikuwa umekwisha na Serikali imerejesha hisa.

Katika miaka hiyo michache palikuwa na migomo ya wafanyakazi kuhusu mishahara, na kila upande uliulaumu mwingine kuhusu fedha za uwekezaji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Tabora ni makutano ya reli za Kigoma na Mwanza. Treni zinapopungua, mji mzima huhisi, kuanzia mchuuzi wa chakula stesheni hadi mfanyabiashara wa mazao anayelazimika kukodi lori.

Tunachojifunza hapo ni kwamba mkataba mrefu si kinga. Swali la msingi ni nani anabeba hasara mambo yanapokwenda kinyume: mvua inapobomoa daraja, wateja wanapokuwa wachache kuliko makadirio, au thamani ya shilingi inaposhuka. Hasara ambayo haikugawanywa kwenye karatasi hugawanywa baadaye kwa ugomvi, na mtumiaji ndiye anayesimama stesheni akisubiri.

6. Maswali matano ya mtumiaji

Kila inapotangazwa barabara au daraja la kulipia, mtumiaji, kiongozi wa mtaa au mwandishi wa habari ana haki ya kuuliza yafuatayo.

Swali la kwanza: Kiwango ni kipi, na kitapandaje? Kiwango cha siku ya uzinduzi hakitoshi. Jijini Nairobi, barabara ya haraka ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands ilijengwa na kampuni ya China, ambayo imepewa miaka 27 ya kuiendesha. Magari yalianza kupita Mei 2022. Kuanzia Januari 1, 2024 gari dogo linalopita urefu wote lilitozwa shilingi 500 za Kenya badala ya 360, na sababu iliyotajwa ilikuwa mabadiliko ya thamani ya fedha. Mtumiaji analipa kwa shilingi, lakini deni la mjenzi lilikuwa katika dola. Kwa hiyo uliza: kanuni ya kupandisha ada inafuata mfumuko wa bei wa ndani au fedha ya kigeni, na nani anaidhinisha?

Swali la pili: Muda ni miaka mingapi, na barabara itakabidhiwa katika hali gani? Kumbuka mfano wa fremu za maduka. Barabara inayorudishwa ikiwa imechoka ni gharama mpya kwa mlipakodi.

Swali la tatu: Huduma ninayonunua ni ipi? Mwendo, usalama, taa, uokoaji wa ajali na vyoo vya wasafiri ni vitu vinavyoweza kupimwa. Vibandikwe kwenye vituo vya kulipia ili mlipaji avisome.

Swali la nne: Magari yakiwa machache, nani atafidia? Baadhi ya mikataba duniani humhakikishia mwekezaji kiwango cha chini cha mapato. Magari yasipofika, Serikali hujazia upungufu kwa kodi. Hapo hata asiyepita barabara hiyo huilipia. Dhamana ya namna hiyo inaweza kuwa na sababu nzuri, lakini ijulikane kwa wananchi kabla ya kutiwa saini.

Swali la tano: Njia nyingine ipo, na itatunzwa? Nairobi, barabara ya kawaida ya Mombasa ilibaki kwa wasiotaka kulipa. Njia mbadala iliyojaa mashimo si njia mbadala. Kigamboni, malalamiko ya muda mrefu ya wakazi waliovuka kila siku kwenda kazini yalisikilizwa mwaka 2022, viwango vya ada vilipopunguzwa. Mfano huo unaonesha kwamba ada huweza kushuka pale watumiaji wanapotoa hoja zao bila kuchoka.

7. Hesabu ya nauli na ya bidhaa

Ada ya barabara hutumiwa mara nyingi kama kisingizio cha kupandisha bei kupita kiasi. Dawa ya kisingizio ni hesabu. Viwango vya ada katika mifano miwili ifuatayo ni vya kufikirika. Vimewekwa ili kufundisha njia ya kukokotoa.

Mfano wa basi. LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, hupanga nauli ya juu ya mabasi ya mikoani kwa kilomita. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, daraja la kawaida kwenye barabara ya lami lilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Kwa kilomita 79 za Kibaha hadi Chalinze, sehemu hiyo ya tiketi ni takriban shilingi 3,829. Tuseme basi la abiria 60 linatozwa ada ya shilingi 30,000. Kila abiria anabeba shilingi 500. Lakini barabara isiyo na foleni hupunguza mafuta. Tuseme basi limeokoa lita 5, na lita ni shilingi 3,000; basi limeokoa shilingi 15,000. Gharama halisi iliyoongezeka ni shilingi 15,000, yaani 250 kwa abiria. Anayedai nyongeza ya shilingi 2,000 kwa sababu ya ada aulizwe hesabu yake.

Mfano wa lori. Lori limebeba tani 30 za sukari, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Tuseme limetozwa shilingi 60,000. Kila mfuko unabeba shilingi 100, na kila kilo inabeba shilingi 2. Muuzaji anayepandisha kilo kwa shilingi 200 na kusingizia ada ya barabara ameongeza mara mia moja ya kilichotozwa.

Hesabu hii ina upande wa pili. Bidhaa nyepesi na yenye thamani kubwa haihisi ada. Bidhaa nzito na ya bei ndogo huihisi zaidi. Mkulima anayesafirisha mihogo mikavu au viazi vitamu kwa gari dogo hugawanya ada kwa kilo chache. Kwa hiyo ngazi za ada zinapojadiliwa, magari madogo ya mazao yanastahili kusemewa.

8. Haki ya kusikilizwa na pa kulalamika

Nauli za mabasi hazibadilishwi kimyakimya. Kabla ya kuzibadili, LATRA huitisha mkutano wa kukusanya maoni ya wadau, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini huwasilisha hoja za abiria. Fika, au peleka maoni kwa maandishi. Hoja yenye hesabu kama tulizopiga hapo juu ina uzito kuliko lalamiko la jumla.

Mtumiaji akipata tatizo, afuate ngazi hizi:

(i) Kwa nauli iliyozidi au huduma mbovu ya basi: anza na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, ukiambatisha tiketi. Usiporidhika, nenda ofisi ya LATRA ya mkoa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

(ii) Kwa shimo, kalavati lililobomoka au alama iliyoanguka katika barabara kuu au ya mkoa: Meneja wa TANROADS wa mkoa. Taja jina la barabara, eneo, tarehe na hatari iliyopo.

(iii) Kwa barabara za mitaa, kama zile zinazoingia ndani ya Ipuli: ofisi ya TARURA, kupitia mwenyekiti wa mtaa na diwani wa kata, ili tatizo liingie pia katika vipaumbele vya bajeti.

(iv) Kwa barabara ya ubia: mwendeshaji aliyepewa mkataba, na nakala kwa taasisi ya Serikali iliyoingia naye mkataba. Hifadhi risiti ya ada. Hiyo ndiyo hati inayothibitisha kwamba ulinunua huduma.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako anasema hajawahi kulipia barabara kwa sababu hana gari. Mweleze njia mbili ambazo amekuwa akilipia.

2. Kwa kutumia mfano wa fremu za maduka, eleza tofauti kati ya barabara ya ubia na barabara iliyouzwa.

3. Ekseli moja imezidisha uzito kwa asilimia 20. Uharibifu wake umeongezeka mara ngapi, na nani analipa gharama hiyo katika barabara ya kawaida na katika barabara ya ubia?

4. Lori la tani 10 za mchele limetozwa ada ya shilingi 40,000. Kila kilo imebeba shilingi ngapi? Jibu ni shilingi 4. Linganisha na nyongeza unayoweza kuombwa sokoni.

5. Katika mkutano wa mtaa, chagua mawili kati ya maswali matano ya mtumiaji ambayo unaona yanawahusu zaidi wakazi wa mtaa wako, na uandike sababu zako. Mpe mwenyekiti nakala ili ziwasilishwe maoni ya wananchi yatakapoitishwa.